Asali Isiyopiga Kelele

Hadithi inapita!
— Ipite kwetu!
Inapita na nini?
— Na utamu wake!
Masikio?
— Wazi!
Midomo?
— Imefungwa!

Wewe uliye kule nyuma, wako haujafungwa, naona unatafuna karanga. Meza kwanza. Umemeza? Haya. Hizo zilizobaki niwekee, tutaonana mwisho.

Hapo kale, kale ile ambayo nyegere alikuwa bado anaongea na watu, na watu walikuwa bado wanamwamini, aliishi mrina asali mmoja aitwaye Mihayo. Kwa lugha ya kwao Mihayo maana yake ni Maneno, na waliompa jina hilo hawakukosea hata kidogo. Mihayo akisema "habari za asubuhi" kwao, kijiji cha pili walijibu "nzuri." Mihayo akinong'ona, mbuzi waliamka. Siku alipozaliwa, mkunga aliziba masikio, na mpaka leo, wanasema, hajayazibua.

Huyu Mihayo alimpenda Kalunde. Kalunde naye alimpenda Mihayo. Alikuwa akimwambia, "Wewe nakusikia kabla sijakuona. Ni vizuri, napata muda wa kuchana nywele."

Kwao Kalunde kulikuwa ng'ambo ya mbuga, mwendo wa siku tatu. Na mama yake Kalunde ndiye aliyekuwa mpishi wa wapishi, Mama Nshoma. Jamani, ulimi wa Mama Nshoma! Ukimpa uji, anakuambia mtama huu umetwangwa na nani. Ukimpa kijiko cha pili, anakuambia huyo aliyetwanga siku hiyo alikuwa amegombana na mumewe.

Sasa sikilizeni desturi ya kule. Anayetaka kuoa hupeleka kibuyu cha asali. Mama wa binti huipika ile asali mara tatu: ndani ya uji, juu ya nyama, na kwenye maziwa ya mgando. Akiridhika, binti ameolewa. Asiporidhika, kibuyu kinarudi. Na nafasi ni tatu, kama mafiga, hakuna ya nne. Wakati mama anaonja, mkwe haonekani na wala hasemi. Mkwe kumtazama mama mkwe usoni ni aibu. Kumsemesha ni aibu mara mbili. Yeye husimama nyuma ya kihenge cha nafaka, na mshenga ndiye anayesema.

Mshenga wa Mihayo alikuwa Mzee Lubala, mtu mkavu kama kuni, aliyekwisha kuunganisha ndoa thelathini na kutukanwa katika ishirini na tisa.

Mzee Lubala akaenda kupeleka posa. Mihayo akamsindikiza, akakaa kwa mbali, huku anawasimulia wachunga mbuzi jinsi alivyopanda mti mrefu kuliko mawingu. Mama Nshoma akasema sharti lake, akalisema mara mbili. Mzee Lubala, naye umri umekwenda, kwa zile kelele za Mihayo akasikia nusu tu.

"Anataka asali isiyopiga kelele," akamwambia Mihayo njiani.

"Asali haina mdomo!"

"Ndivyo alivyosema. Alisema: nikiitia kwenye uji, uji ubaki uji. Nikiipaka nyama, nyama ibaki nyama. Nikiimwaga kwenye maziwa, maziwa yabaki maziwa. Na kabla ya mvua ya kwanza. Mvua ikinyesha hujaleta, Kalunde anakwenda kwa Mabula."

Mabula! Huyo Mabula alikuwa na ng'ombe hata akiwaita wanatazamana, hawajui anayeitwa ni nani.

Mihayo akacheka, ndege wakahama mti. "Asali? Mimi? Ndiyo kazi yangu!"

*

Mihayo akaenda kwenye miombo, kwenye mizinga yake mikubwa. Akarina asali nyeusi kama kahawa, nzito, ile inayokwaruza koo ikipita na kurudi kuuliza kama imepita vizuri. Akajaza kibuyu. Akatembea siku ya kwanza, akatembea siku ya pili, akatembea siku ya tatu. Akafika. Akajificha nyuma ya kihenge.

"Hodi hapa," akasema Mzee Lubala.

"Karibu, baba. Umeleta nini?"

"Nimeleta mdomo wa mwenzangu na kibuyu chake."

Na nyuma ya kihenge: "ASALI YA MIOMBO, MAMA! HAIJAPATA KUTOKEA!"

Kuku wakatawanyika. Mama Nshoma akaweka mwiko chini taratibu.

"Mzee Lubala, kihenge changu kimeanza kusema?"

"Ni upepo, mama."

"Upepo huo haukulelewa vizuri."

Akapika uji wa mtama. Akauepua kwanza, maana asali haichemshwi. Ukiichemsha harufu inapanda juu kuwasalimia majirani, wewe unabaki na sukari. Mmesikia, wapishi? Uji umekwisha kuepuliwa, umetulia, hauchomi mdomo, ndipo akatia asali mwiko mmoja. Akakoroga. Akaonja.

"Mtama wangu umekwenda wapi?"

Watu wakachungulia ndani ya chungu.

"Nauliza. Nilikuwa na mtama humu. Nimeulima mwenyewe, nimeutwanga mwenyewe. Asali hii imeingia kwenye uji wangu kama mlevi kwenye msiba. Nzuri kwa kikohozi, sikatai. Nzuri kwa pombe. Kwa chungu changu, hapana. Irudi."

Nyama hakugusa. Maziwa hakugusa. Kibuyu kikarudi.

Kalunde akamkuta Mihayo kisimani, amekaa juu ya kibuyu chake kama kuku anayeatamia jiwe.

"Mihayo wewe, mama alisema asali ya mgunga. Alisema mara mbili. Mgunga, mgunga. Hukusikia?"

"Mimi?"

"Ulikuwa unawasimulia wachunga mbuzi habari za mti na mawingu. Hata mimi niliyekuwa jikoni niliisikia hadithi yako yote. Sharti la mama lilipita katikati, likakanyagwa."

Mihayo akafungua mdomo. Mara ya kwanza katika maisha yake, akaufunga bila kutoa kitu. Lakini haikudumu.

"MGUNGA!" akapiga kelele, akaondoka mbio.

*

Mgunga unaujua? Mti wa nchi kavu, majani kama chawa wa kijani, miiba kama sindano za mganga. Kiangazi kikifika mwisho, miti mingine yote imekauka na kukata tamaa, mgunga ndio unatoa maua. Maua ya mviringo, meupe yanayoelekea manjano, kama vifaranga wa siku moja waliokaa katikati ya miiba na hawachomwi. Harufu yake ndogo. Ukipita unaongea, huipati.

Mihayo alikuwa na mzinga mmoja kwenye mgunga, alioutundika mwaka juzi akausahau. Akafika anaimba. Nyuki wakamsikia tangu mbali, wakaanza kuvuma:

"Zii, zii, ngoja.
Zii, zii, bado.
Zii, zii, hatujafunika."

Chini ya mti alikaa Nyegere, kajipaka mate mikononi, anatazama juu.

"Ndugu yangu Mihayo! Nimekusikia tangu jana. Mbona umesimama?"

"Wanasema ningoje. Hawajafunika."

"Kufunika nini?"

"Vitundu vya sega. Nta juu yake."

Nyegere akacheka mpaka akashika mbavu. "Hayo ni mapambo ya nyuki, ndugu. Asali iko ndani. Wewe ukipewa chungu cha nyama unakula mfuniko? Mvua hiyo inakuja. Mabula huyo anachana ndevu. Panda, kata, nenda!"

Mihayo akaona ni maneno ya busara. Maneno ya mtu anayekuambia unachotaka siku zote ni ya busara.

Basi hapa niwaambie jambo, wala halina mzaha. Nyuki akitoka kwenye ua haleti asali. Analeta maji matamu. Anayaweka kwenye kitundu, anayapepea kwa mbawa, mchana anapepea, usiku anapepea, mpaka maji yaondoke na uzito ubaki. Hapo ndipo anafunika kwa nta, kama mama anayefunika chakula cha mume. Kabla ya hapo ni unga ulio ndani ya maji, bado haujawa ugali.

Nyuki wakavuma, "Ngoja." Mihayo akawasha moshi. Nyuki wakavuma, "Bado." Mihayo akapanda. Nyuki wakavuma, "Hatujafunika!" Mihayo akakata masega yote, wazi, yanang'aa, yanatiririka maji maji. Nyegere akapata makombo yenye watoto wa nyuki, akayala na kulamba hata kivuli.

Mihayo akaikamua ile asali ndani ya kibuyu, akaziba kwa gunzi la hindi, akakandika nta pembeni isipite hata hewa. Akatembea siku ya kwanza juani, kibuyu begani. Akatembea siku ya pili juani, kibuyu kikaanza kusema *kwii*. Akatembea siku ya tatu, kibuyu kikasema *kwii, kwii, kwii*.

"Kinanisifu," akasema Mihayo.

Kwa Mama Nshoma watu walikuwa wamekusanyika. Wazee wa ukoo, shangazi watatu, na mshenga wa Mabula aliyekuja kusalimia tu, hivyo alivyosema. Mzee Lubala akapiga magoti, akakishika kibuyu kwa mikono miwili.

"Mama, safari hii ni ya mgunga. Mwenzangu ameomba niseme kwamba..."

"YA MGUNGA HALISI! FUNGUA UONE!"

Mzee Lubala akagusa gunzi. Hakulifungua, jamani, aligusa tu.

*Paaah!*

Gunzi likampiga Mzee Lubala katikati ya paji la uso. Povu likapanda juu, likamshukia Mama Nshoma kichwani, likatelemka masikioni. Shangazi wa kwanza akapiga yowe. Shangazi wa pili akapiga yowe. Shangazi wa tatu akaramba mkono, akasema, "Mh," akaramba tena. Jogoo wa nyumba akanywa lililomwagika, akawika adhuhuri, akawika mara ya pili, halafu akalala chali akiitazama mbingu kama mdaiwa.

Mama Nshoma akajifuta jicho moja kwa kidole. Watu wakangoja matusi. Akakitia kile kidole mdomoni.

"Hii ni pombe ambayo haijajijua bado," akasema. "Imekatwa kabla ya kufunikwa. Aliyeikata hana subira hata ya kupiga chafya." Akaonja tena. "Lakini ni mgunga. Mwambieni kihenge amebakiza mara moja."

Mshenga wa Mabula akatabasamu, akatazama mbinguni. Upande wa mashariki palikuwa na wingu dogo, kama ngozi ya mbuzi iliyoanikwa.

Njiani kurudi, Mzee Lubala alikuwa na nundu kama yai la kanga.

"Mwanangu," akasema, "nimeunganisha ndoa thelathini. Nimetukanwa. Nimefukuzwa na mbwa. Nimemwagiwa maji ya kuoshea vyombo. Kupigwa risasi na asali, hii ndiyo mara ya kwanza. Nakuomba kitu kimoja. Mara ya tatu, mdomo niachie mimi. Ndiyo kazi yangu, na wewe umeninyang'anya."

Mihayo akataka kujibu. Akaitazama ile nundu, akainamisha kichwa kukubali.

*

Akarudi mgungani peke yake. Malkia wa nyuki akatoka mlangoni mwa mzinga, hakuruka, alisimama.

"Tulisema nini?"

"Ngoja."

"Halafu?"

"Bado."

"Halafu?"

"Hamjafunika."

"Kumbe unasikia. Haya, maua yamebakiza siku saba. Tutajaza masega mawili: moja letu la kula wakati wa mvua, moja lako. Lakini Nyegere asifike juu, huo ni mzigo wako. Na wewe usiseme. Kelele zako zinatushtua, na nyuki aliyeshtuka hapepei, anauma. Ukitoa neno moja tunahama."

"Neno moja tu jamani au..."

"Tumeanza kuhesabu sasa hivi."

Mihayo akaufunika mdomo kwa kiganja.

Siku ya kwanza, alidhani atakufa. Maneno yalimjaa tumboni kama maharage. Siku ya pili Nyegere akaja, mpole, mkia umelala.

"Ndugu yangu, habari za siku? Tuonje kidogo tu, ncha ya ukucha. Nani atajua?"

Mihayo kimya. Nyegere akasubiri, akasubiri, akaondoka.

Ile siku ya tatu Mihayo akaanza kusikia vitu. Akasikia mbawa zinapepea ndani ya mzinga, sauti moja ndefu isiyopumzika. Alfajiri akasikia harufu ya maua, ile ambayo miaka yote alikuwa akiipita huku anaimba. Akashangaa. Alitaka kumwambia mtu. Hakuna mtu, na haruhusiwi.

Siku ya nne Nyegere akaja tena. "Nimetoka ng'ambo ya mbuga. Nimemwona Kalunde wako, anacheka na Mabula. Anacheka mpaka anashika kiuno. Sikujua kama niseme."

Mihayo akachukua kiatu chake cha ngozi, akauma. Akauma mpaka meno yakaacha alama. Lakini neno halikutoka. Nyegere akaondoka, akasema kwa sauti ndogo, "Huyu anaumwa."

Siku ya tano Mihayo akafikiri. Mtu asiyesema hupata muda mwingi wa kufikiri, mtashangaa. Akachukua shoka, akakata matawi ya ule ule mgunga, yale yenye miiba mirefu kuliko yote, akayafunga kwa kamba kuuzunguka shina, miiba ikitazama chini. Duara la kwanza, duara la pili, duara la tatu.

Jioni ya siku ya sita Nyegere hakuongea. Alikuja mbio, akaruka shinani kama kawaida yake.

"Mama yangu!"

Akashuka kwa kasi kuliko alivyopanda. Akarudi nyuma, akaruka tena. "Baba yangu!" Akaruka mara ya tatu. Safari hiyo hakuita mtu, alikaa chini, akaruka, akagundua hawezi kukaa.

"Sema kitu basi!" akamlilia Mihayo. "Nitukane hata! Nicheke! Binadamu gani wewe?"

Mihayo akamtazama, akatabasamu.

Nyegere akanung'unika, akaenda zake, akasema kama binadamu wamefikia hapo, hana tena la kuzungumza nao. Na hajazungumza. Mpaka leo ukikutana naye anakoroma tu na kukutolea harufu, na miiba hiyo shinani bado warina asali wanaifunga.

Siku ya saba malkia akatoka. "Panda."

Mihayo akapanda na moshi kidogo wa majani makavu, moshi wa kubisha hodi tu. Masega mawili, yote yamefunikwa kwa nta nyeupe, hakuna kitundu kilicho wazi. Akakata moja. Lingine akaliacha. Tone likamwangukia kidoleni, jepesi, unaona alama za ngozi ya kidole ndani yake. Akaliramba.

Hakuna kitu! Tamu, basi, kama maji yaliyosikia habari za sukari. Siku saba za kuuma kiatu, kwa hili?

"Ngoja," akasema malkia.

Mihayo akangoja. Na ikaja. Ikaja polepole, kama mgeni mwenye adabu anayevua viatu mlangoni. Ile harufu ya alfajiri, yote, ikaingia ikakaa.

*

Akatembea siku ya kwanza, wingu nyuma yake. Akatembea siku ya pili, wingu juu yake. Siku ya tatu radi ikapiga, naye akaanza kukimbia. Kibuyu begani kilikuwa kimya. Mwenyewe alikuwa kimya. Wachunga mbuzi wakamsalimia, akainua mkono tu; wakaenda kumwambia Mama Nshoma kwamba Mihayo amefiwa.

Watu walikuwa wamekusanyika tena. Mshenga wa Mabula alikuwa amevaa nguo mpya. Mzee Lubala, aliyekuwa ametangulia, akakipokea kibuyu, akakiweka chini, akarudi hatua saba, akafunika nundu yake kwa mkono, ndipo akasema, "Kifungueni nyinyi."

Mama Nshoma akafungua. Hakuna *paaah*. Hakuna hata *kwii*.

"Mwenye kibuyu anasemaje?"

"Hasemi kitu, mama."

"Hakuja?"

"Yupo nyuma ya kihenge."

Mama Nshoma akakitazama kihenge. Kikatulia. Akapika.

Akapika uji, akauepua, akautuliza, akatia asali. Akaonja. Hakusema.

Akachoma mbavu za mbuzi. Asali hakuipaka mwanzo, maana ukiipaka mwanzo inaungua, inakuwa chungu, halafu unasingizia mbuzi. Aliipaka nyama ilipokaribia kuiva, kwa unyoya wa kuku, mara moja upande huu, mara moja upande ule, mpaka ikang'aa. Akaonja. Hakusema.

Akachukua maziwa ya mgando, akamwaga asali juu kama uzi. Akaonja. Hakusema. Kalunde, mlangoni, alikuwa anauma ncha ya nguo yake.

Mwisho Mama Nshoma akachota asali tupu, kijiko kizima. Akameza.

"Haina ladha," akasema.

Shangazi watatu wakashusha pumzi. Mshenga wa Mabula akakohoa, akasimama, akakung'uta vumbi. "Basi, kama ni hivyo, mimi nilikuwa napita tu..."

"Kihenge," akaita Mama Nshoma. "Leo umekufa? Nimesema haina ladha. Huna la kusema?"

Jamani, mwoneeni Mihayo huruma. Nyuma ya kihenge maneno yalipanda kutoka magotini. Yalifika tumboni. Yalifika kifuani. Angeweza kuwaeleza habari za maua, na za kiatu, na za makalio ya Nyegere! Angeweza kupiga kelele mpaka paa liondoke. Matone mawili ya mvua yakaanguka kwenye kihenge, *to, to*.

Akatoa mkono, akamvuta Mzee Lubala sikio. Akamnong'oneza neno moja. Na safari hii mbuzi hawakuamka.

"Mama," akasema Mzee Lubala, "anasema: ngoja."

"Eti?"

"Ngoja. Ni hilo tu."

Mama Nshoma akakunja uso ili atukane. Mdomo ukabaki wazi, tusi halikutoka. Akaufunga. Akafumba macho. Watu wote wakatazama koo lake kama wanatazama mlango.

"Aa," akasema.

Akafumbua macho.

"Imefika. Kumbe ilikuwa njiani." Akauvuta ule uji, akala mwiko wa pili. "Mtama upo. Mtama wa shamba la bondeni, huu, wala si wa mlimani." Akauma mbavu. "Mbuzi yupo. Alikuwa jike, na alikuwa mchokozi." Akanywa maziwa, akafuta midomo. "Kila mtu yupo nyumbani kwake. Hii imepita kuwasalimia tu." Akamgeukia mshenga wa Mabula. "Kaa ule, baba, mvua inanyesha. Umsalimie Mabula."

Halafu akasema, bila kutazama upande wowote, maana desturi ni desturi:

"Mzee Lubala, mwambie mkwe wangu ahame hapo nyuma ya kihenge. Atanyeshewa."

Kalunde akacheka mpaka akashika kiuno, na safari hii haikuwa habari ya Nyegere.

Na nyuma ya kihenge, siku kumi za maneno zikatoka kwa mkupuo mmoja:

"AHSANTE, MAMA!"

Mfuniko wa chungu ukaanguka. Jogoo, aliyekuwa ameanza kupata nafuu, akalala tena chali.

"Nilijua haitadumu," akasema Mama Nshoma, akatia asali kijiko kingine.

*

Basi tangu hapo asali ya mgunga ikawa ndiyo asali ya wakwe. Ukiipata, usiichemshe, usiikate kabla nyuki hawajafunika, na usiseme haina ladha kabla hujamaliza kuimeza na kukaa kidogo. Na kama kitu kizuri hukisikii, nyamaza kwanza uone. Huenda kinaongea na wewe ndiye unayekipigia kelele.

Mimi mwenyewe? Mke wangu anasema hadithi hii niisimulie kila siku, lakini niisimulie kwa kunong'ona. Nimejaribu. Mbuzi wanaamka.

Hadithi imepita!
— Imetuachia nini?
Imewaachia utamu, mimi imeniachia koo kavu. Wewe wa nyuma, fungua mdomo sasa, na ufungue na kiganja. Ziko wapi karanga zangu?